Kidole cha Tekla

Kila asubuhi, akishateka maji na kufagia uwanja, Veneranda alishika njia ya shule huku akisema hesabu zake kwa sauti, utadhani anagombana na miti. "Saba mara nane, hamsini na sita! Saba mara tisa, sitini na tatu!" Wanawake waliotoka kisimani walishamzoea. "Wangaluka, Mwalimu Mkuu!" walimsalimu kwa Kinyamwezi huku wakicheka. Naye aliwaitikia kwa adabu, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Kwao kulikuwa upande wa Usinge, magharibi ya Tabora, enzi za Mwingereza. Zamani watu wa huko waliishi wametawanyika msituni, kila ukoo na mashamba yake na mizinga yake ya nyuki. Halafu Serikali ikawahamishia mahali pamoja na kufyeka miti pande zote, kwa ajili ya mbung'o, yule nzi wa porini anayemuuma mtu na kumwachia ugonjwa wa malale. Kila mwezi dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alipiga kengele. Watu walipanga mstari, akawapapasa shingo kutafuta matezi, akawatoboa kidole na kupima damu. Aliyekutwa na malale alipandishwa treni kwenda hospitali ya Tabora kuchomwa sindano, na huko hakurudi upesi.

Mwaka huo Veneranda alikuwa darasa la nne. Mtihani wa kuingia shule ya kati ya wasichana ulikuwa ufanyike Tabora mjini, na nafasi zilikuwa chache. Tena mjomba wake alishasema wazi mbele ya watu: "Akifaulu, na asome. Akishindwa, wapo waliokuja kuuliza habari zake." Veneranda alijua maana ya kuuliziwa habari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na neno posa hakutaka hata kulisikia.

Basi, siku moja alifuatana na baba yake, Mzee Alois, kwenda kurina asali porini. Huko mbung'o alimuuma nyuma ya goti. Pakavimba jipu gumu, jekundu. Baada ya siku kadhaa homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Kichwa kikamgonga. Unadhani alimwambia mtu? Ng'o! Alivuta gauni lake likafunika goti, akaendelea na saba mara nane.

Lakini jirani wa dawati hafichiki. Aliyekaa naye aliitwa Tekla, rafiki yake tangu utotoni.

"Veneranda, una homa wewe. Mkono wako unaunguza."

"Jua hilo."

"Jua gani, nasi tuko ndani?"

Veneranda akainamisha kichwa. "Nyamaza, Tekla. Wakinikuta na malale watanipeleka hospitali, na mtihani utanipita. Ukinipita, mimi naolewa. Nisaidie."

"Nikusaidie nini?"

"Kidole chako. Utapimwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa jina lako, mara ya pili kwa jina langu."

Tekla alikataa. Alikataa tena. Mwishowe rafiki yake alipoanza kulia, akakubali. Wala haikuwa kazi ngumu. Dresa Shilinde, mtu wa Nzega mwenye maneno mengi na mikono myepesi, alikuwa amehamia juzijuzi tu, na sura nyingi alikuwa hajazijua. Tekla alipimwa mwanzoni pamoja na ndugu zake. Akazunguka nyuma ya zahanati, akajitanda kanga ya mama yake hadi machoni, akarudi mkiani mwa mstari pale dresa alipokwisha kuchoka.

"Jina?"

"Veneranda Alois," akasema, akinyoosha kidole cha mkono mwingine.

Kesho yake majibu yakasomwa. Veneranda Alois, damu safi. Mama yake, Imakulata, akapiga ishara ya msalaba na kumshukuru Mungu. Veneranda naye akashukuru, ila macho yake hayakumtazama mama.

Haya, uongo ulikubaliwa. Je, ugonjwa nao ulikubali? Homa haikujua habari za majibu. Mchana Veneranda alisinzia juu ya kibao chake. Usiku, saa za watu kulala, usingizi ulimkimbia. Hesabu alizoziimba njiani zikaanza kumtoka, akaandika saba mara nane ni arobaini na mbili. Siku moja Mwalimu Dionis aligonga dawati lake kwa chaki.

"Veneranda! Mtihani hauji na mto wa kulalia!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Alimwita nje, akamtazama vizuri.

"Mwanangu, hali yako siipendi. Umepimwa malale?"

"Nimepimwa, Mwalimu. Damu yangu ni safi."

"Ah! Basi umezidisha kusoma," Mwalimu akasema, na uso wake ukakunjuka. "Nenda kapumzike leo. Nilikuwa nimeingiwa na hofu."

Veneranda alirudi nyumbani akikokota miguu. Mwalimu alikuwa ameukaribia ukweli kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

Jioni ile Tekla alimfuata. Alimkuta amekaa kando ya kinu, mtama umo ndani, mchi umelala chini. Alikuwa ameanza kutwanga, akashindwa.

"Twende kwa dresa," Tekla akasema.

"Baada ya mtihani."

"Twende sasa!"

"Tekla, wiki ijayo tu. Nikishamaliza mtihani nitakwenda mwenyewe, haki ya Mungu."

Hapo Tekla akalipuka. Msichana yule mpole, ambaye hata kuku alimfukuza kwa kumwomba radhi, alipiga kelele hadi mbuzi wakashtuka. "Na ukifa kabla ya hiyo wiki? Mama yako atauliza mwanawe kafa na nini. Watasema damu yake ilikuwa safi! Na damu ile si yako, Veneranda, ni yangu! Mimi nitamtazamaje mama yako?" Akaketi chini, akafunika uso, akalia kwa kwikwi.

Veneranda hakuwa amewaza hivyo. Alijua kwamba amejifichia ugonjwa, akaona ni siri yake mwenyewe, imemkaa mwilini mwake. Kumbe alikuwa amemtwisha mwenzake mzigo usiobebeka. Akaogopa kuliko alivyoiogopa posa. Akaushika ukuta, akasimama.

"Nishike mkono," akasema. "Lakini tupitie kwa mama kwanza. Nitamwambia mimi."

Mama Imakulata aliposikia, alisema neno moja tu la Kinyamwezi, "Mayo!" yaani mama wee! Akajifunga kanga kiunoni, akatangulia mbele yao kwa mwendo wa kukimbia nusu.

Dresa Shilinde alikuwa akifunga mlango wa zahanati. Veneranda akamwamkia, "Shikamoo, Bwana Dresa," kisha akamweleza yote bila kupunguza: jipu, homa, kanga na kidole cha Tekla. Shilinde akaacha kufunga mlango. Akamtazama Tekla, akamtazama Veneranda.

"Yaani nimetafuta malale ya mtu mmoja katika damu ya mtu mwingine," akasema taratibu. "Nyinyi watoto mnataka kuniua kwa kiharusi?"

Alimtoboa kidole papo hapo. Akaweka damu kwenye kioo, akainama juu ya hadubini yake, akatazama kwa muda ambao mama aliuona mrefu kama masika. Kisha akainua kichwa.

"Vipo," akasema. "Vijidudu vipo. Lakini sikiliza, mama, usilie. Naona ugonjwa bado ni mchanga, na ukiwahiwa kabla haujaingia kichwani unapona. Kesho anapanda treni."

"Na mtihani?" Veneranda akauliza kwa sauti ndogo.

"Mtihani!" Shilinde akashika kiuno. "Huyu angeulizwa hesabu akiwa ndani ya jeneza, angejibu!" Akacheka, na mama naye, machozi yakimtoka, akajikuta anacheka.

Kule Tabora daktari alipima hata maji ya uti wa mgongo, akasema kichwa bado ni kizima. Sindano zikaanza. Zilichoma kweli, lakini baada ya siku chache homa ikashuka, na Veneranda akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu siku ya asali. Alipoamka aliomba uji, akaomba mwingine.

Mwalimu Dionis alipowaleta wanafunzi wake mjini, hakupumzika. Alikwenda kwa Mkaguzi wa Shule, kofia mkononi, akamweleza habari za msichana wake. Mkaguzi akamuuliza daktari kama ugonjwa ule huambukiza kwa kukaa karibu. Daktari akajibu kwamba bila mbung'o malale hayaendi popote. Basi siku ya mtihani, Tekla na wenzake walipokuwa wakiandika shuleni, meza iliwekwa barazani hospitali, na mtawa mmoja akakaa kusimamia. Veneranda alifungua karatasi. Mkono ulimuuma kwa sindano, lakini tarakimu zilitulia mahali pake, hazikuelea tena. Akashusha pumzi, akaanza kuandika.

Majibu yalipokuja alikuwa ameshapona na kurudi kijijini. Walifaulu wote wawili. Tena Tekla, ambaye siku zote alishika nafasi ya nyuma yake, safari hii alimpita.

"Shikamoo niipokee lini?" Tekla akamtania.

"Marahaba utaitikia mwenyewe!" Veneranda akajibu, wakakumbatiana wakicheka, na Mama Imakulata akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mjomba alikuja akasema kwamba yeye siku zote alijua mtoto huyu ni wa kusoma. Hakuna aliyembishia.

Siku ya kuondoka kwenda shule ya kati, Mama Imakulata alimpelekea Dresa Shilinde kibuyu cha asali. Dresa akapokea kwa mikono miwili, kisha akawaita wasichana wale karibu.

"Sikilizeni, wanangu," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi nawaongezea langu. Mwalimu ukimdanganya, atakupa alama usizostahili, na siku moja utaumbuka, utaona haya, yatakwisha. Anayekutibu ukimdanganya, atakupa dawa ya mtu mwingine, au asikupe kabisa, naye atalala usingizi akidhani amekusaidia. Siku mliyokuja hapa kwa miguu yenu kusema kweli, Veneranda, hapo ndipo ulipoanza kupona. Sindano zilimalizia tu."