Kilichocheua Chini ya Kitanda cha Nyiramana

Harufu ilianza mchana, wagonjwa walipokuwa wakila: harufu ya ng'ombe walionyeshewa na mvua. Nje jua la Mbarara lilikuwa kali, na hakukuwa na mfugo karibu. Nyiramana aliitambua, maana alikulia kati ya ng'ombe, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kabla vita havijamleta kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alidhani ni homa. Akafumba macho.

Alikuwa na saratani kwenye mfupa wa nyonga. Mwaka ule wa 2009 zahanati ya Base Camp, pale kambini, ilimtuma hospitali kubwa ya Mbarara, na dada yake Madeleine akaja kumuuguza. Madeleine aliongoza chumba cha maombi, kikundi cha waombaji kule kambini. Kabla hawajasafiri, wanamaombi walifunga kwa ajili ya mgonjwa, wakaweka agano kama walivyozoea: asitamke tena kwamba anaumwa. Akiulizwa, akiri uponyaji. Kutaja maumivu, walisema, ni kuyafungulia mlango.

Basi muuguzi Gorret alipopita na chupa ya mofini, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu, alipata jibu lile lile.

"Mama, leo maumivu iko? Kidogo ama mingi?"

"Hakuna. Nimepona kwa jina la Yesu."

"Amina," alisema Madeleine.

Gorret alitazama jasho kwenye uso wa mgonjwa. "Mimi siwezi kuingia ndani ya mwili yako nione. Ukisema hakuna, nitapima dawa ya nini?" Akaenda kitanda kingine.

Hapo kitu kikaanza kutafuna chini ya kitanda. Kilitafuna taratibu, kikameza, kikatulia, kisha kikarudisha chakula kinywani na kutafuna tena, kama ng'ombe anayecheua baada ya kushiba. Nyonga ilipochoma na Nyiramana akauma shuka ili asilie, kile kitu kilitafuna kwa pupa.

"Yaya," alimnong'oneza dada yake, "angalia huku chini."

Madeleine aliinama. "Ni ndoo na viatu byako tu. Lala."

Kwenye kitanda cha jirani alilala Yudaya, Mwislamu, mke wa askari, aliyepasuliwa tumbo. Alikuwa amekunja miguu yote juu ya godoro.

"Mama Kongo, hata mimi nasikia," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni jini. Mimi juzi nililia mpaka bwana yangu akasema naaibisha jeshi. Kwangu haikukuja. Inakula ile maumivu yenye mtu anameza."

"Siye hatuna majini," Madeleine alimkatiza. "Tuko na Yesu."

"Na Ayubu? Kwenu hakuna Ayubu? Yeye alinyamaza?"

Madeleine aligeuka akalinyoosha shuka la mgonjwa. Alikuwa amechoka. Alikuwa amezika wana wawili bila kulia mbele za watu.

Alasiri Gorret alirudi. Nyiramana alikuwa ameamua kusema kweli, lakini alipofungua kinywa ulimi ulilala kama jiwe, na harufu ya ng'ombe ikapanda mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kabla hajaweza hata kuinua mkono kumwonyesha muuguzi kwamba anasongwa, sauti yake mwenyewe, ile ile aliyoimbia kwaya, ile aliyoitia watoto wake, ikatoka chini ya kitanda, pole na ya kushiba, ikasema:

"Hakuna. Nimepona kwa jina la..."

Ikakwama hapo. Haikuweza kulitaja lile jina. Ikaanza kutafuna.

Madeleine alikuwa tayari na amina yake kinywani. Alitazama midomo ya mdogo wake. Haikuwa imetikisika. Shuka lilikuwa na damu mahali alipoliuma.

"Sista," alimwambia Gorret, "usisikilize ile sauti. Huyu mutu anateseka. Anasikia maumivu mingi, tangu tulifika hapa. Ni miye nilimufunga kinywa."

Kutafuna kukakoma. Kitanda cha Nyiramana kikainuka kidogo na kushuka, kisha cha Yudaya, kisha kilichofuata, kimoja kimoja hadi mlangoni, kama mnyama mkubwa anapita chini ya vitanda akitafuta pengine pa kulala.

Gorret alipima dawa. "Kila masaa nne atakunywa, hata kama maumivu haijarudi. Msingoje imshike. Na mniambie ukweli. Ugonjwa inaweza kutushinda, lakini maumivu tunaweza kupunguza."

Nyiramana alilia kwa sauti. Kisha akalala.

Jioni mchungaji wao, Sebagabo, alipiga simu kutoka Nakivale. Nyuma yake watu waliimba.

"Dada Madeleine! Tumushukuru Mungu? Amepona?"

"Hapana, mchungaji. Anaumwa. Amekunywa dawa, sasa amelala. Mumuombee hivyo."

Sebagabo alienda mbali na waimbaji, na sauti yake ikawa ndogo.

"Dada... hata miye, huu muguu wangu wa risasi..."

"Sema," Madeleine alimwambia, akishika simu kwa mikono miwili. "Sema haraka, baba. Sema mpaka mwisho."