Goti la Muamba na Ukanda wa Mpira

Muamba na mke wake walikuwa wamekaribia stesheni ya gari la moshi ya Kolwezi, goti la Muamba likakataa. Kurudi Musonoi, mtaa wao, hakukuwezekana. Nyumba yao ilikwisha kuingiwa na wengine. Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, na treni ilikuja bila kutangazwa. Aliyeshindwa kupanda alibaki.

Muamba alikuwa mkimbiaji. Tangu ujana alikimbia mpaka Mutoshi na kurudi. Siku ile ya kuhama alisukuma baiskeli yenye vitu vya nyumba nzima, akateleza, goti likavimba. Akachukua ukanda wa mpira uliofunga mizigo, akalikaza nao. Akaketi juu ya godoro stesheni, siku baada ya siku. Mguu ukazidi kukakamaa.

"Ni mbio yako ile," mke wake Tshibola alisema. "Ilikula yote mu goti. Treni ikikuya, mi nitakubeba sawa gunia?"

"Acha, mama. Nikiikala tu, kile kilibakia hakitaisha."

Adolphine, muuguzi aliyefukuzwa kama wao, alisikia. Akainama, akaligusa goti.

"Tata Muamba, unafunga goti sawa muzigo ya kinga, baiskeli yako ile? Kinga haina damu, weye uko nayo. Fungula!"

Tshibola akacheka kidogo, kisha akauliza, "Na mbio?"

"Mbio ya kuzoea haimalize goti muzima. Ku mwisho ya mufupa kuko gegedu, kile cheupe unaonaka ku mufupa ya kuku. Inakula maji ya mu goti. Ukitembea, inakamuliwa, inakunywa tena. Ukiikala tu, inabakia na njaa. Kilikuumiza ni muzigo na kuteleza."

Akaufungua ukanda, akapima. Hakukuwa na homa, goti halikuwa la moto wala halikukwama.

"Ingekuwa na moto ao kukwama, ungeenda kwa munganga ya hospitali mbio. Sasa nyoosha mguu, kaza paja, legeza. Tembea kidogo, pumzika. Ikiuma zaidi, punguza. Kukimbia, ngoja kwanza."

"Na treni ikikuya niko naenda-enda?"

"Nitalia jina yako mpaka watu ya Dilolo basikie," Tshibola alisema.

Basi akatembea kando ya reli, akigeuka kila mara. Uvimbe ukapungua polepole.

Treni ilikuja asubuhi. Watu wakasukumana. Muamba akashika chuma cha mlango, akakanyaga kwa mguu mzima, akapanda. Akamvuta Tshibola.

Walifika Mwene-Ditu, kule Kasai. Goti lilipopona, Muamba alianza mbio fupi, akaongeza taratibu. Bado anakimbia. Adolphine aliendelea mpaka Kananga. Hawakusikia tena habari yake. Baiskeli ilibaki stesheni. Ukanda wa mpira, Tshibola anafungia mlango wa banda la kuku.