Punje ya Mfukoni

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kilikuwa kiti. Aliingia chumba cha nyuma ya gereji na sare yake ya usafi wa hospitali, na Bosi akavuta kiti chake nyuma hadi ukutani. Dereva na Tindo hawakusogea. Wangeogopa nini? Hawakujua.

Bosi anajua, Kimya akawaza. Alijua tangu mwanzo.

Kaka yake Kimya ndiye aliyeiba punje ya kwanza: kichuma kidogo kuliko mchele, cha kutibia saratani, chenye mionzi. Bosi alimwambia aitie mfukoni mwa shati, haina madhara. Akakaa nayo siku mbili. Ngozi ya kifua ikababuka. Mwezi haukuisha, wakamzika.

"Haya, Kimya. Mlango upi?"

"Wa nguo chafu. Hauna mlinzi."

"Na kisanduku cha punje?"

"Nitakitoa na mashuka."

Tindo akacheka. "Leo bubu kasema! Anikeni nguo ndani, mvua yaja."

Saa nne na robo asubuhi. Kimya alisukuma toroli. Mashuka juu, kisanduku chini. Hakuna aliyemtazama. Nani humtazama mfagiaji?

Saa nne na dakika ishirini. Tindo alikipakia kisanduku garini. Bosi hakukigusa, ingawa kuta zake nene za risasi huzuia mionzi. Kimya akaketi nyuma, ubavuni kwa Bosi.

Saa nne na nusu. Foleni. Lori limewabana upande wa Bosi.

"Bosi," Kimya alisema, "kisanduku ni kitupu. Punje nimekutilia mfukoni mwa koti."

Bosi alipiga yowe. Alilivua koti vifungo vikiruka, akafuatisha shati, akajipangusa kifua kama mtu aliyevamiwa na siafu.

Dereva akazima gari. Yeye na marehemu walikua pamoja.

"Mbona unaogopa, Bosi? Si ulisema haina madhara?"

"Washa gari, mjinga wewe!"

"Kumbe ulijua."

Akachomoa ufunguo, akashuka. Tindo alitazama viganja vyake vilivyobeba kisanduku. Akatema mate, akapitia kiti cha dereva, akamfuata.

Mfukoni hamkuwa na kitu. Punje zote zilikuwa wodini, zimehesabiwa asubuhi. Lakini tangu wizi ule, kila kisanduku, hata kitupu, kilibandikwa chini kifaa cha kuonyesha kilipo. Kimya alikipangusa vumbi kila siku.

King'ora kikasikika nyuma. Bosi akasukuma mlango wake, ukagonga lori. Upande wa pili alikaa Kimya, na Kimya hakusogea.

"Binti, nimekukosea nini?"

"Msibani ulinishika mkono, ukasema ni kazi ya Mungu. Nikakuambia asante kwa kuja." Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Ile asante, nirudishie."