Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Bi Futi aliisukuma bili chini ya mlango wa chumba cha mwisho, ghorofa ya nne, kama alivyofanya kila mwezi, na kabla hajaiachia, ikavutwa kutoka ndani. Haikunyakuliwa. Ilivutwa taratibu, kama mtu anavyopokea karatasi aliyokuwa akiingojea. Akabaki ameinama pale koridoni, vidole viwili vimeshika hewa, saa tisa alasiri, jua likiwaka madirishani. Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba chumba kile hakina mtu. La pili ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kuwa kina mtu.

Alikuwa msimamizi wa jengo. Wapangaji walimwita Bi Futi kwa sababu siku yake ya kwanza kazini aliingia kila chumba na futi ya kupimia, akapima ukuta kwa ukuta, hata nyuma ya kabati la daktari wa meno, mahali ambapo daktari mwenyewe hakuwahi kufika. Hakufanya hivyo kwa ushambenga. Katika jengo lile, mbali na kodi, kila mpangaji alichangia gharama za kuliendesha: mlinzi, maji ya pamoja, lifti, jenereta, usafi. Mwenye chumba kikubwa alichangia zaidi, mwenye kidogo alichangia kidogo, na chumba kikikaa kitupu, mkataba ulisema fungu lake atalilipa mwenye jengo.

Sasa mwenye jengo alikuwa mtu ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo. Chumba cha mwisho kilipokaa kitupu mwaka mzima, alimpigia Bi Futi simu. "Mama, hilo fungu la chumba kitupu nisilione tena mezani kwangu. Wewe ni mtu mzima, utajua la kufanya."

Bi Futi alikuwa na kazi ya kuilinda na mdogo wake wa kumlea. Basi akatunga mpangaji. Alimpa jina huku anakunywa chai, jina ambalo halitatajwa hapa wala halifai kutajwa popote, akamwandikia mkataba kamili, akamtilia sahihi kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wake. Fungu la chumba kile akaligawa kwa wapangaji wengine, akaliita "dawa ya wadudu". Dawa yenyewe haikupulizwa hata siku moja. Kinyozi wa ghorofa ya chini alikuwa akisema mende wake wananenepa kwa hiyo dawa. Na ili mlinzi asishuku kitu, kila mwezi Bi Futi alisukuma bili chini ya mlango ule kama milango mingine, kisha baada ya siku chache akafungua kwa ufunguo wake, akaiokota, akaichana.

Safari hii alipofungua hakukuwa na cha kuokota. Vumbi lilikuwa limelala sakafuni bila alama ya unyayo. Bomba la sinki lilidondosha tone moja moja, ingawa maji ya chumba kile yalifungwa zamani. Kulikuwa na harufu ya njiti za kiberiti zilizozimwa sasa hivi, na chini yake harufu ya saruji mbichi. Akafunga mlango, akajiambia ni panya. Panya gani apokeaye bili, hakujiuliza.

Jumatatu akakuta bahasha mezani kwake. Ndani mlikuwa na fungu kamili la chumba cha mwisho pamoja na malimbikizo yote ya nyuma, noti zina joto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Akampigia mwenye jengo kwa sauti ya chini.

"Yule mpangaji wa chumba cha mwisho amelipa."

"Yote?"

"Hata ya nyuma."

"Sasa unanong'ona nini? Asingelipa ndiyo ungenong'ona. Pokea."

Akapokea. Akaandika risiti, akaisukuma chini ya mlango, nayo ikavutwa.

Bahasha ya pili ilikuja na karatasi. Mwandiko ulikuwa ule ule wa mkono wa kushoto, mwandiko wake mwenyewe, na maneno yalikuwa machache: *Nimelipia usafi. Sijafanyiwa usafi.*

Msafishaji wa jengo alikuwa mdogo wake. Mama yao alipofariki, binti alikuwa na miaka tisa, na Bi Futi alimlea kama mwanawe, akamsomesha mpaka uwezo ulipokwisha, kisha akamtafutia kazi pale pale ili asiwe mbali na macho yake. Alikuwa msichana wa kuimba. Alipiga deki ngazi zote huku akiimba, na wapangaji walijua amefika ghorofa gani kwa kumsikia tu. Bi Futi angeweza kuichana ile karatasi. Angeweza kuchukua ndoo aende mwenyewe. Badala yake alimwita mdogo wake, akamwambia bila kumtazama usoni, "Leo ongeza na kile cha mwisho. Piga deki harakaharaka utoke." Hilo hakujisamehe kamwe.

Binti aliingia saa tisa, akatoka saa kumi. Bi Futi alisimama koridoni akijifanya anasoma mita ya umeme, na alisikia tambara likiburuzwa, likienda, likizidi kwenda, mbali kuliko chumba kilivyokuwa, mpaka likawa halisikiki.

"Chumba kidogo vile, saa nzima unasafisha nini?" akamuuliza alipotoka.

"Si kidogo, Dada. Mwisho wake sijaufikia."

"Kuna mtu?"

Binti akatazama nyuma, akashusha sauti. "Yupo. Hasemi. Ananionyesha tu pa kusafisha."

Bi Futi mwenyewe alikuwa amekipima chumba kile. Futi kumi na nne kwa kumi na mbili.

Kesho yake alimkataza asirudi. Binti akaitikia vizuri tu, na saa tisa akaonekana mlangoni na ndoo. Siku ya tatu nyimbo zilikwisha. Wiki ya pili aliacha kula, wala hakukonda, na alipoulizwa kitu alijibu kwa mnong'ono ambao ilibidi usogeze sikio kuusikia. Ndipo Bi Futi akamfungia nyumbani, akatia kufuli kwa nje, akauficha ufunguo kifuani, akakaa ofisini akiitazama saa ya ukutani ikiinyatia tisa, akijiambia kwamba kufuli ni kufuli na chuma hakijui habari za mikataba, na ilipotimia tisa akasikia ndoo ikitua kule juu kabisa ya ngazi, kama inavyotuliwa na mtu asiye na haraka, akapanda mbio ghorofa zote nne huku harufu ya kiberiti ikimjia puani kila alipokata kona, na alipofika koridoni akamwona mdogo wake anaingia mlangoni miguu mitupu, miguu ambayo haikutoa sauti hata chembe sakafuni.

Jioni ile alimshika mikono ili amnawishe. Viganja vilikuwa laini, vimefutika, havina mstari hata mmoja. Bi Futi akalia mbele yake, na binti akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni akilia kituoni.

Barua nazo ziliendelea kuja. *Ngazi niandikie mimi. Koridoni niandikie mimi. Paa niandikie mimi.* Kila alichokitaka alikilipia, na mwenye jengo aliagiza apewe. Kwa hiyo mafungu ya wengine yakashuka, robo kwanza, kisha nusu. Lifti ikaacha kukwama. Maji yakaacha kukatika. Ni kweli kwamba kwenye ngazi palikuwa na baridi isiyokuwepo zamani, na watu walizishuka wakiwa wamekumbatia mikoba yao, lakini hakuna aliyeuliza. Bili ikishuka, nani aulize?

Bi Futi akamtafuta mganga. Alikuja bibi mmoja mfupi mwenye magoti mabovu, akaingia mlango wa chini, akanusa, akasema hapandi.

"Magoti, bibi? Lifti ipo."

"Lifti ni yake. Magoti ni yangu, na yote mawili nayahitaji." Akajishusha kwenye kiti cha mlinzi. Hakuomba ubani wala kuku. Aliomba mkataba. Akausoma ukurasa kwa ukurasa huku kidole kikitembea juu ya mistari, na alipofika kwenye sahihi akakiondoa kidole haraka.

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Bi Futi akamwambia yote, hata dawa ya wadudu. Bibi akashusha pumzi.

"Jini akijiingilia mwenyewe, namfukuza, na hata chai sisubiri. Huyu hakujiingilia. Kaandikiwa, kapewa risiti. Ana haki ya kukaa kuliko mimi niliyekaa hapa. Uliacha nafasi yenye jina na haina mwenyewe. Kuna wanaozurura wakitafuta nafasi kama hiyo."

"Nifanyeje, bibi?"

"Waliobebeshwa fungu lake waambie ukweli. Alianza kwa kusimama mabegani mwao, nao hawajui. Wakijua, wakamkana wote kwa kauli moja, hata mmoja asibaki, atakosa pa kukanyaga."

"Na wakikataa?"

Bibi akaukunja mkataba, akamrudishia. "Usafi ni deni la aliyetia sahihi. Mdogo wako analipa deni lisilo lake, ndiyo maana linamla. Aliyetia sahihi akienda mwenyewe, yule mwingine huachiwa." Akainuka kwa kushika ukuta. "Usingoje wiki. Viganja vimekwisha. Baada ya viganja ni uso."

Kesho yake mchana wapangaji walikusanyika kwenye chumba cha kinyozi, kwa kuwa ndicho chenye viti vingi. Bi Futi akasimama mbele ya vioo, akaeleza. Aibu aliyoisikia ilimchoma masikio, lakini hakuacha kitu. Alisema jinsi alivyomtunga mpangaji, jinsi alivyowabebesha mzigo wake, alisema kuhusu mdogo wake na viganja vyake. Akawaomba watie sahihi karatasi moja tu, ya kumkana.

Mama fundi cherehani alikuwa wa kwanza kuinuka. Akampiga Bi Futi kofi la bega, si la mchezo. "Umetuibia, dada yangu. Hilo tutalizungumza. Lakini mtoto ni mtoto. Niletee kalamu." Akatia sahihi.

Kinyozi alikuwa akipangusa wembe uliokwisha kupanguswa. "Mimi namhurumia binti, jamani. Nimezoea nyimbo zake. Ila... zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Likujualo wewe," fundi cherehani akamkata. "Sasa hivi linamla nani?"

Kinyozi akainama, akatia sahihi. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wengine kwa huruma, wengine kwa kuogopa macho ya fundi cherehani. Akabaki daktari wa meno. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba haitauma.

"Bi Futi, tuseme ukweli kama watu wazima. Kabla yake nilikuwa karibu kufunga kliniki. Bili zilikuwa zinanimaliza. Sasa nimeajiri wasaidizi wawili, na hao nao wana watoto. Huyu analipa kwa wakati, hapigi kelele, hachafui ngazi. Tumpate wapi mpangaji kama huyo?" Akairudisha kalamu mezani taratibu. "Mdogo wako mtafutie kazi nyingine. Sisi tutachanga tulete msafishaji mwingine."

"Mwingine wa nani?" Bi Futi akamuuliza. "Huyo mwingine hana dada?"

Daktari akainuka. Bi Futi akapiga magoti, akamshika viatu, mbele ya watu wote. Naye akavitoa viatu vyake mikononi mwake kwa adabu, akaomba radhi kwamba ana mgonjwa, akatoka. Bi Futi aliwatazama waliobaki kwenye vioo, na katika nyuso mbili tatu, hata za waliokwisha kutia sahihi, aliona kitu kinachofanana na nafuu.

Saa ya kinyozi ilisema tisa kasoro dakika tano.

Mdogo wake alikuwa amesimama chini ya ngazi na ndoo yake, na Bi Futi alipomtazama usoni ilimbidi atafute pale macho yanapopaswa kuwa kabla hajayaona. Akaukamata mkono wa ndoo. Vile vidole laini havikutaka kuachia, akavifungua kimoja kimoja kama alivyokuwa akivifungua zamani, binti akiwa mdogo, amelala na kitu mkononi.

"Nipe, mama. Leo pumzika."

Akaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza alisikia miguu yake tu. Ya pili akasikia kitu nyuma yake, kidogo sana, mchakacho wa nyayo juu ya saruji, akasimama kusikiliza, nao ukasimama. Alipofika ya tatu ule mchakacho ulikuwa umekuwa hatua, hatua nzito za mtu mwenye uzito wake, zikikimbia, zikijikwaa, zikimfuata, na Bi Futi akaongeza mwendo ingawa maji yalimwagika kwenye sketi yake na harufu ya kiberiti ilikuwa imejaa kifuani kiasi kwamba kila pumzi ilimwasha, kwa sababu alijua kwamba akimgeukia mara moja tu hataweza kuendelea, na koridoni kule mwisho mlango ulikuwa umekwisha kufunguka kabla hajautoa ufunguo.

"Dada!" Ilikuwa sauti kamili, ya kuita kutoka upande wa pili wa barabara. "Dada, usiingie! Dada!"

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake polepole, bila kishindo.

Nje, mdogo wake aliugonga kwa viganja vyote viwili, akilia, akimwita, na aligonga kwa nguvu za mtu mzima mwenye afya. Bi Futi alisimama akamsikiliza kwa furaha mpaka sauti ilipoanza kwenda mbali. Kisha akachovya tambara kwenye ndoo, akalikamua, akaanzia pale pale aliposimama, kwa sababu mbele yake hakuona ukuta.