Vijiko Vitatu vya Manjano

Kila asubuhi fundi viatu aliamka kabla ya mkewe. Alichemsha maji, akatia vijiko vitatu vya unga wa manjano na pilipili manga, akampelekea kitandani. Mchana hivyo hivyo. Jioni hivyo hivyo.

"Kunywa, mama watoto. Huu ni mmea tu, hauna madhara."

Mkewe alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu ya dawa ya saratani hospitalini. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia fundi kwamba manjano yanaua saratani. Fundi akalishika neno hilo. Akamwomba mkewe asimwambie mtu, maana aliogopa kugombezwa.

Mwezi wa pili, chakula kikamshinda mke. Mkojo ukawa wa kahawia, macho yakaingia umanjano. Siku ya dripu, sista alipokea majibu ya damu, akakunja uso.

"Leo hatuweki dawa. Ini limeumia. Kuna kitu kingine unatumia nyumbani?"

Mke alimtazama mumewe. Fundi akainamisha kichwa, kisha akasema yote.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," sista alisema taratibu. "Huenda unga huo ndio uliomdhuru."

"Kwa hiyo manjano ni uongo, sista?"

"Si uongo wote. Chembe za mwili hupelekeana ujumbe: kua, gawanyika, acha. Kwenye saratani, ujumbe wa 'kua' haukomi. Watafiti wameona maabarani kwamba kitu kilichomo kwenye manjano huzuia baadhi ya ujumbe huo. Lakini chembe zilizo kwenye kichupa si mtu mzima. Haijathibitishwa kwamba kinaponya mgonjwa."

"Na mimea mingine?"

"Hii dawa ya dripu asili yake ni gome la mti. Watu walifanya kazi miaka mingi kujua kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua. Wewe ulipima kwa kijiko. Manjano kidogo kwenye mboga hayana neno. Hayo yako yalizidi."

Fundi alishindwa kuinua macho. "Nilitaka kukusaidia, mke wangu."

"Najua," mkewe alijibu. "Mimi manjano hayo sikuyapenda. Nilikunywa ili upate usingizi."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko sindano yake ya viatu.

Waliacha unga siku hiyo hiyo. Ini lilichukua wiki sita kutulia, na wiki hizo zilikuwa ndefu. Kisha dripu ikaendelea. Baada ya miezi kadhaa, uvimbe uliokuwa kama limau ukawa kama punje ya harage, na daktari akapanga upasuaji.

Juma hilo shangazi yake fundi alifika na furushi la mizizi ya dawa. Fundi aliipokea kwa mikono miwili.

"Asante, shangazi. Niambie jina lake, nikamuulize sista kwanza."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini ini lake ni moja, na nimeshalichezea."