Mjusi wa Chini ya Sakafu

Chubwi.

Sauti moja tu, kisha kimya. Mke wa dobi mdogo alipapasa ubavuni pake. Godoro lilikuwa baridi, mume hayupo.

Alijua kilichokaa kisimani, chini ya chumba cha kufulia. Siku alipoolewa, mama mkwe alimfunulia mfuniko, akaliona joka limejikunja majini, macho kama sahani. "Litemee," akaambiwa. "Liite mjusi." Ndiyo desturi ya ukoo ule. Kila alfajiri, kabla ya kuloweka nguo, mkubwa kwa mdogo walipanga mstari kulitukana. Mjusi. Mkia wa bure. Kamba iliyooza. Waliamini kinachodharauliwa hakikui. Shuka zilizofuliwa kwa maji yake zilitoka nyeupe kuliko za dobi yeyote mjini. Wakasifiwa, wakavimba vichwa, wakarudi kulitemea.

Na mumewe, tangu juzi, alikuwa akisema kuna mtu anamwita kwenye mabomba.

Aliwasha taa, akafuata harufu ya nguo zilizovundia. Ndara za mumewe zilikuwa kando ya kisima kilicho wazi. Mama mkwe ameketi juu ya beseni lililofudikizwa, kama anayesubiri chai.

"Kalale, mkwe wangu," akanong'ona. "Mumeo mjinga. Ameenda kuitikia mjusi."

"Yuko wapi, mama?"

Maji yakajibu, polepole, kwa sauti nzito: "Mdogo wangu."

Mkwe akasogeza taa kisimani. "Mama, kwa nini linamwita mdogo wake?"

"Mimi sikuzaa mjusi."

"Sijasema umezaa."

Bibi yule akafyonza. Hapo joka likainuka, pana kuliko mdomo wa kisima, magamba yakikwaruza mawe, na ndani ya mzingo wake alikuwamo dobi mdogo, hai, akitweta, maji yakimfika kifuani.

"Niite," likasema.

"Nikuite nani, takataka wewe?" Bibi akatema mate. Mwili wa joka ukanenepa palepale, na dobi mdogo akazama hadi mabegani. "Uchafu wa mtaroni." Hadi kidevuni. Ndipo mkwe akaelewa kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakililisha, tusi kwa tusi, mate kwa mate, kila alfajiri, nalo lilikuwa likinenepa gizani chini ya vitanda vyao huku wao wakijisifu kwamba wamelidumaza.

Akamshika bibi mkono uliokuwa tayari kufuta mdomo.

"Usiteme tena, mama. Huyu wa kisimani, baba yake alimpa jina?"

"Alimpa. Nikamwambia jina zuri halivishwi kitu chenye magamba. Nikalifunika kwa mfuniko."

"Basi lifunue. Au uzike huyu mwingine kwa dharau hiyohiyo."

Maji yakafika kwenye midomo ya dobi mdogo. Alimtazama mama yake tu, na joka likamtazama mama huyohuyo, na kwa mwanga wa taa mkwe akaona macho yale manne yanafanana.

Bibi akapiga magoti. Mdomo uliozoea kutema ukakauka, ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka tena.

"Azizi," akasema.