Bamvua la Hounslow

Maji ya tangi la samaki hupungua, hilo kila mfugaji analijua. Chumba kina joto, maji yanageuka mvuke, unaongeza kidogo, maisha yanaendelea. Lakini maji ya Muhiddin yalipungua asubuhi akiyaona, na alipoamka alasiri yalikuwa yamerudi yenyewe, na ndoo ya kuongezea ilikuwa bado imejaa pale pale alipoiacha.

"Zuwena, umeongeza maji?" alimuuliza mkewe.

"Mie? Hata koti sijavua! Na tangi lako n'lishakwambia, mkono wangu sitii."

Muhiddin akakuna kichwa, akabandika utepe mweupe kwenye kioo, sawasawa na usawa wa maji, ili apate kuona mwizi ni nani.

Ngoja nikupe habari ya tangi lenyewe, maana bila hiyo utamwona Muhiddin mpumbavu, na mpumbavu hakuwa. Alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, zamu za usiku tupu, kwa hiyo mchana wa watu kwake ulikuwa usiku, mapazia yamefungwa. Alikaa Hounslow, karibu na uwanja huo, na mkewe na mama yake, Bi Shinuna, ambaye miaka miwili nyuma kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi wote. Bi Shinuna alitoka Unguja mwaka wa Mapinduzi, tumbo likiwa kubwa, akafika Mombasa, akamzaa Muhiddin huko, na kutoka hapo wakaja London. Sasa alikuwa wa kukaa kitini karibu na dirisha, akiangalia matumbo ya ndege yakipita juu ya paa.

Kila televisheni ilipoonyesha bahari, bibi wa watu alitetemeka na kutoa machozi. Basi mwanawe akatia akilini: mama anaumwa na hamu ya pwani. Hawezi kuipeleka miguu baharini, bahari itamjia hapa hapa sebuleni. Na huyo anayejitia ufundi wa bahari, maishani mwake hajawahi kutia hata kidole ndani yake! Alipokuwa mdogo, shule ikienda ufukweni, mama yake alimzuia nyumbani, akamwambia ana homa. Muhiddin alidhani mama ni mwoga wa kuzama.

Pesa za mchezo huo hakuwa nazo, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangi alilipata kwa tangazo la gazetini, kwa mzee mmoja aliyekuwa akifugia nyoka ndani yake. Pampu ilikuwa kuukuu, inakohoa. Chumvi alinunua ndoo moja, akawa anaikoroga na mwiko wa ugali, amevaa glavu za kazini kwa sababu baridi ilikuwa imempasua mikono. Kilichobaki ni mawe, na hapo ndipo palipomshinda.

"Yakhe, chumvi si bahari," Vijay alimwambia. Vijay alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, ana duka la samaki wa mapambo, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapoa hata kidogo. "Jiwe ndilo linalotia maji uhai. Jiwe la matumbawe, lenye vijidudu vyake. Bila hilo samaki wako utawala futari."

Muhiddin akauliza bei ya jiwe. Alipotajiwa, akasema la haula, akatoka dukani bila kuaga.

Wiki ile shangazi wa mkewe Zuwena alikuwa anakuja kutoka Unguja. Muhiddin akampigia simu: shangazi, hebu niletee jiwe la baharini, kubwa kiasi, lifunge na kitambaa kibichi. Na shangazi akaleta, ndani ya sanduku, limeviringwa kwenye kanga mbichi katikati ya karafuu na pweza mkavu.

"Hata shida sikupata, mwanangu," alisema. "Mawimbi yalikuwa makali, nikaogopa kuingia. Nikalitwaa mle pangoni, wanamowekea uvumba. Limekaa hivi, karibu na mlango, kama linanisubiri."

Mwingine yeyote aliyekulia kule, anayejua uvumba wa pangoni huwekewa majini na mashetani, angeinuka akaondoka chumbani. Muhiddin alikulia Hounslow, akacheka, akampa shangazi boksi la chokoleti. Alipolitumbukiza lile jiwe, Bi Shinuna aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akalia kwa sauti isiyo na maneno, machozi yakimchirizika mpaka shingoni. Mwanawe akambusu kipaji cha uso.

"Umefurahi, eh mama? N'lijua utafurahi."

Masikini ya Mungu! Kama ulimi ungekuwa wake siku ile, hadithi hii isingekuwepo.

Haya, turudi kwenye utepe. Siku ya kwanza maji yalishuka vidole viwili chini ya utepe, yakapanda. Siku ya tatu yalishuka shubiri. Muhiddin akaandika saa kwenye bahasha, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda, akampelekea Vijay amwambie pampu ina ugonjwa gani. Vijay alianza kwa kucheka. Kisha akasoma ile bahasha mara ya pili, akaenda kufunga mlango wa duka.

"Kila siku saa zinasogea mbele kidogo," alisema polepole. "Yashuka mara mbili, yapanda mara mbili. Muhiddin, hii si pampu. Hii ni maji kupwa na maji kujaa."

"Ndani ya tangi?"

"Usiseme kwa nguvu."

"Nimekuuliza, ndani ya tangi, Vijay?"

"Mimi nauza samaki tu, ndugu yangu. Rudi nyumbani, litoe hilo jiwe."

Angelitoa siku ile ile, lakini alikuwa hajalala saa ishirini, na mtu wa zamu ya usiku akili yake huwa deni la usingizi. Akasema nitalala kidogo kwanza, nitalitoa nikiamka. Akalala pale pale kwenye kochi la sebuleni, mama yake kitini, tangi linanguruma kwenye kona.

Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku ya bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita siku zote. Aliamshwa na kimya. Pampu imenyamaza. Halafu ikaja harufu: kwanza tope la pwani, mwani unaooza juani, kisha juu yake, nyembamba, harufu ya udi, na katika nyumba ile hapakuwa na udi wala mkaa wa kuchomea. Akafungua macho. Tangi lilikuwa kavu. Maji yote yamekwenda asikojua, mchanga umebaki wazi unang'aa, na samaki wawili wa rangi ya chungwa, aliowatia wiki ile, wanapapatika kwenye kidimbwi cha ukubwa wa kisahani chini ya jiwe, na kwenye mchanga, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kioo, kuna nyayo za miguu, ndogo kama za mtoto anayejifunza kutembea, zinakuja upande wake tu, hazirudi.

Bi Shinuna alianza kutoa ile sauti yake, na Muhiddin, kwa sababu ana huruma na kwa sababu usingizi haujamtoka, hakukumbuka glavu wala jiwe wala maneno ya Vijay, aliona samaki wanakufa, akazamisha mkono mtupu kwenye kile kidimbwi kuwakomboa, na hapo hapo maji yakarudi, yakarudi kwa mpigo kutoka chini, ya uvuguvugu, yakapanda kiganjani, yakapanda kifundoni, yakapanda mpaka kiwiko, na ndani ya yale maji mkono mwingine, laini, wenye pete, ukaupokea mkono wake na kuutikisa mara moja, kwa adabu, kama watu wanaoagana baada ya kupatana bei.

Kisha ukamwachia. Maji yalikuwa sawasawa na utepe.

Tangu siku hiyo Muhiddin hakutulia. Kula hali, kukaa hakai. Kazini, saa za maji kujaa zikifika, kifua kilimjaa, akakohoa pembeni ya ndege akatema maji ya chumvi mdomo mzima. Daktari alisema mapafu hayana kitu. Jiwe alijaribu kulitoa kwa koleo, halikung'oka, kama limeota mizizi kwenye kioo.

Zuwena ndiye aliyemleta Maalim Jaffar. Maalim alikuwa dereva wa basi kule Edmonton, na wikiendi husomea watu. Alikuja na sare zake za kazi, akavua viatu, akaangalia tangi, akamwangalia Bi Shinuna, akaomba atafutiwe mkaa na kitezo cha kufukizia. Hakusoma sana. Aya hazijafika kumi, Bi Shinuna akanyooka kitini, na kinywa kilichokuwa kimepinda miaka miwili kikakaa sawa.

"Usinisomee kwa ukali, Maalim," kinywa kilisema, kwa sauti ya kiume, ya upole. "Mimi ni Muislamu kama wewe."

Zuwena akajifunika uso na mtandio.

"Unataka nini kwa hawa?" Maalim akauliza.

"Changu. Sikuja kuiba. Kiti changu huyu, mtu ninayempanda kichwani; mwaka wa machafuko, chombo kinajaa maji, watu wanalia, aliniita yeye. Akasema: nifikishe ng'ambo salama, nilichonacho tumboni ni chako. Nikamfikisha. Yeye akanikimbia, akaja nchi hii, akakaa mbali na maji ya chumvi miaka thelathini na tano, na mwana akamkataza pia. Sikuwa na njia. Sasa mwana mwenyewe kanijengea nyumba ya kioo, kanitilia chumvi, kanipashia maji moto, kanipa na jiwe langu. Nikatae?"

Muhiddin alimwangalia mama yake. Yale machozi yote ya televisheni, zile homa za uongo za utotoni, ule mkono uliopungwa siku ya jiwe. Akahisi aibu iliyomchoma kuliko hofu. Alikuwa akilindwa, na yeye akaona ni hamu.

"Tutakupa mbuzi," Maalim alisema. "Tutakurudishia jiwe lako baharini. Bahari zote ni moja."

"Jiwe nirudishieni. Lakini mkono keshanipa, na ahadi ni deni. Bamvua lijalo nachukua kilichotoka tumboni. Au tumbo lenyewe."

Bi Shinuna akalegea, kinywa kikapinda tena. Kisha, kwa mkono wake wa kushoto, akajipiga tumboni mara tatu, akimkazia macho Maalim.

"Anasema nini?" Muhiddin alinong'ona.

Maalim aliweka kitezo chini. "Anasema keshachagua."

"Sikubali! Maalim, sikubali, wallahi!"

"Wala mimi sitaki. Tutapeleka jiwe, tutaomba. Lakini lazima na yeye awepo, yeye ndiye kiti."

Siku ya bamvua, mchana kweupe, gari la Vijay liliwafikisha ufukwe wa Southend. Vijay hakushuka, alishikilia usukani kwa mikono miwili. Jiwe siku ile lilikuwa limetoka lenyewe, Bi Shinuna alilipakata mapajani na hakukubali limtoke. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, tope tupu mpaka macho yanapoishia. Maalim aliegesha kiti cha magurudumu juu ya sakafu ya saruji, akamgeukia Muhiddin.

"Wewe usikanyage hata unyevu. Na ukiitwa, usiitike. Hata sauti ukiijua. Hawezi kumchukua asiyeitika."

Akakunja suruali, akanyoosha mikono apokee jiwe. Bi Shinuna akasimama.

Alisimama kwa miguu miwili, mwanamke ambaye miaka miwili alikuwa akibebwa kwenda chooni. Akashuka topeni na jiwe lake kifuani. Maalim alimkimbilia, akazama mpaka magotini, akakwama, na bibi alikuwa anatembea juu ya tope lile lile bila kuacha shimo. Muhiddin alitaka kuruka. Zuwena alimkumbatia kiuno, wakaanguka pamoja juu ya saruji.

"Niache! Mama yangu yule!"

"Ndiyo, mama yako! Na anakwenda kwa ajili yako!"

Maji yakaanza kurudi. Maalim alijikwamua kwa kutambaa, tope mpaka kidevuni. Huko mbali mtu mdogo mweusi alizidi kuwa mdogo, mpaka hapakuwa na mtu, palikuwa na maji. Na kutoka kwenye maji ikaja sauti, nzima, nyororo, sauti aliyoizika tangu siku ya kiharusi.

"Muhiddin! Muhiddin, mwanangu!"

Alikuwa na miaka thelathini na tano. Tangu ajue kusema, mama yake hakuwahi kulimaliza jina lake kabla hajajibu naam, hivyo ndivyo alivyomlea. Akatia kanga ya Zuwena mdomoni, akaiuma. Sauti ilimwita mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kila mara ilikuwa ya mama yake zaidi, na hakuna pale ufukweni, hata Maalim, aliyeweza kumwambia kwamba siye.

Mara ya saba haikumwita jina. Iliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na baridi:

"Hunisikii, mwanangu?"

Muhiddin alimsikia. Hakuitika.